Denise Anatafuta Mdomo Mchafu

Siku Denise Kubiak aliyoacha kazi kiwandani, baba yake aliipiga meza ya jikoni mpaka kahawa ikamwagika. Nilikuwepo. Mimi na Denise tulibeba na kupanga milango ya mbao pamoja kiwandani humo miaka kumi na moja, na nyumba zetu hapa kando ya mto Ohio zinatazamana.

"Ada elfu kumi na nne! Na mishahara ya miaka miwili unaitupa!" mzee Verlin alifoka. "Halafu umechota mpaka akiba ya uzeeni. Kisa? Stashahada ya chuo cha hapahapa mjini! Watu wanasoma miaka minne wanaishia kuuza baga!"

"Wasafisha meno wanalipwa dola thelathini na moja kwa saa, baba. Kiwandani napata kumi na saba, na mabega yameshakwisha. Nina miaka thelathini na nane. Piga hesabu mwenyewe."

"Nimeshapiga. Ukifeli je?"

Mama yake, Irene, akapangusa kahawa.

Basi akasoma. Mchana darasani, wikendi akihudumia baa, na nguo mpya hakununua hata moja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yule mwanamke aliyaoga ya baridi.

Sasa sikiliza kituko. Miaka ile hupewi leseni mpaka umlete mwenyewe mtu wa kumsafisha meno mbele ya wasahihishaji. Na si mtu yeyote tu, lazima awe na ukoga mgumu, ule ulioganda kama chokaa ndani ya birika. Wanafunzi walikuwa wanawinda midomo michafu mji mzima. Denise akampata Skip, dereva wetu wa kiwandani, mtu ambaye mswaki anausikia kwa jirani. Akamwahidi katoni ya bia.

Asubuhi ya mtihani, nikiwa kwa Denise, Skip akaja anatabasamu. Meno yanang'aa!

"Nimeenda kusafishwa jana," akasema. "Nisimame mbele ya watu wa chuo na mdomo ule? Niliona aibu, bwana."

"Ewe mwehu!" Nusura nimzabe kibao. "Si uliambiwa uje mchafu?"

"Nilidhani mnanitania!"

Mtihani ulikuwa saa sita. Ada yake hairudishwi, na ya kulipia mwingine Denise hakuwa nayo. Nilidhani atalia. Hakulia. Alienda moja kwa moja kwa baba yake, nami nyuma.

"Baba, miaka ishirini hujamwona daktari wa meno. Nakuhitaji mtihanini."

"Mimi? Nikaachamishwe mdomo mbele ya watu? Stashahada yako, shida yako."

"Ni yangu, sikatai. Ukikataa, pesa zote nitakuwa nimezitupa kweli, kama ulivyosema. Basi chagua. Ushinde ubishi, au upande gari."

Mzee akachukua kofia yake akatoka, mlango akaubamiza, akaenda kukaa garini.

Chuoni wakampiga picha za meno, msahihishaji akachungulia, akasema, "Huyu anafaa sana." Nilimwona Verlin akiwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini alilala kwenye kile kiti, akafungua mdomo, akakaa hivyo kwa saa tatu nzima. Mimi nilingoja kwenye maegesho, nikitafuna kucha.

Denise alitoka mbio. "Peg! Nimepita!"

Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Tulikumbatiana tukazunguka kama wendawazimu. Nyuma yake akaja mzee, mdomo umekufa ganzi, mate yanamtoka. Nikasema moyoni, haya, sasa atalalamika mpaka nyumbani.

"Mama yako," akasema kwa shida.

"Ana nini?"

"Jino. Tangu Krismasi anatafuna upande mmoja. Usiku halali." Alijifuta kidevu kwa kofia. "Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utaacha shule, urudi kiwandani upate pesa za kumtibu."

Denise alisimama palepale, bado amevaa koti la mtihani. Machozi yalimtoka sasa, na hakuyafuta.

"Washa gari, Peg," akasema. "Tumchukue mama kabla kliniki ya meno haijafungwa."