Kilio cha Adaikalam nje ya Kamba

Kijijini kwetu hapakuwa na mwanamke aliyejua kuomboleza kama Adaikalam, Mungu amlaze mahali pema. Akifa mtu, awe wa Mtaa wa Kanisa au wa Mtaa wa Chini, aliitwa yeye. Alifungua nywele, akaketi uani, akamlilia marehemu kwa jina lake na kwa kile kilichomuua. Ndiyo desturi yetu: maiti ambayo kifo chake hakijatajwa haijazikwa bado.

Hata Ijumaa Kuu, sanamu ya Bwana iliposhushwa msalabani na kulazwa kwenye jeneza, yeye ndiye aliyeomboleza kwa niaba ya Mama Maria. Ila alisimama nje ya kamba iliyotutenga na wa Mtaa wa Kanisa, pamoja nasi wa Mtaa wa Chini, tuliohesabiwa watu wa tabaka la chini. Sauti yake iliruhusiwa kuvuka kamba. Mguu wake, la.

Kwaresima ya mwaka mmoja mwanawe, Arulappan, alishushwa kwenye shimo la choo la Rayappan, mwenye kinu cha mpunga, ili azoe kinyesi kwa ndoo. Hakupewa barakoa wala kamba ya kumvutia juu. Hewa ya mle ikamuua. Rayappan aliwaambia polisi kijana alilewa akatumbukia, nao wakaandika hivyo, ingawa Arulappan hakuwahi kuonja pombe. Polisi walisimama makaburini hadi mwisho, na mama mtu hakuthubutu kufungua kinywa. Tangu siku hiyo alijiona hajamzika mwanawe.

Ijumaa Kuu asubuhi akaja wifi yake, Jebamalai.

"Wifi, leo usiende. Sema koo linauma."

"Koo langu zima."

"Hilo ndilo linalonitisha! Wanangu wawili wanakula kwa kinu cha yule bwana. Mlilie Yesu wa watu, urudi tunywe uji."

"Yesu wa watu? Kwani wangu mimi ni yupi?"

"Ewe mwanamke, ulimi huo utatuua!"

Adaikalam akaendelea kuzifunga nywele zake.

Saa kumi jeneza likafika penye kamba. Rayappan alishika mti wa mbele wa kubebea jeneza, kama babu yake na baba yake. Adaikalam akafungua nywele, akaanza kama kila mwaka:

"Mwanangu, wamekuvua kanzu!"

Wanawake wa mitaa yote miwili wakaitikia.

"Mwanangu, wamekuchoma ubavu!"

Wakaitikia.

"Mwanangu Arulappan, umefia chooni kwa Rayappan, naye amenawa mikono, amekuja kukubeba!"

Kwa mazoea, wakaitikia neno kwa neno. Walipokuja kushtuka, mitaa yote miwili ilikuwa imeshalisema.

"Mnyamazisheni kichaa huyo!" Rayappan alifoka.

Padri akasogea. "Mama, tafadhali. Leo tunamlilia Bwana."

"Ndiye ninayemlilia, Padri."

Rayappan alibadilisha bega, akaendelea mbele. Hakuna aliyempokonya mti ule.

Jumatatu ya Pasaka wana wa Jebamalai walifukuzwa kazi kinuni. Mama yao akaja hadi mlangoni kwa Adaikalam, hakuingia.

"Haya, umezika wako. Wangu watakula nini?"

Ndani kulikuwa na mchele wa siku mbili. Adaikalam akautoa wote, akamwekea mikononi.

"Niombe chochote, wifi," alisema. "Ila usiniombe niseme sikusema."

Jebamalai akauchukua mchele, akaondoka bila kuaga.