Marehemu wa Majaribio

Minza hakuwa mtu wa kusema uongo, na kazi yake haikumpa nafasi hiyo. Alikuwa mjaribu wa mifumo ya mtandaoni, katika chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari pale Kanyenye, mjini Tabora. Wenzake wakijenga, yeye anabomoa: anabonyeza pasipobonyezwa, anaandika umri wa mtu miaka mia tisa, kisha anamtajia mwenye kasoro kasoro yake bila kupepesa macho. Kwa hiyo alikuwa na heshima nyingi na marafiki wa kuhesabu.

Msimu ule walikuwa wanakitengenezea mfumo chama cha kuzikana cha mtaa. Ukibonyeza "Tangaza msiba", tovuti yenyewe haitumi kitu. Inauweka ujumbe kwenye foleni, halafu programu nyingine inayochapa kazi nyuma ya pazia, ambayo wao waliiita mpagazi, inaubeba hadi kwenye simu za wanachama. Chama kikiupokea mfumo, vya Nzega na Igunga navyo vitautaka. Kikiukataa, chumba kinafungwa na Minza anarudi kwao Nzega kushika jembe. Mwenye neno la mwisho alikuwa mwenyekiti, Mzee Adinani, Mzaramo mzaliwa wa Tabora, ambaye babu yake alikuja na misafara ya pwani, akaonja asali ya huku, akasahau njia ya kurudi.

Sasa Mzaramo na Mnyamwezi kama Minza ni watani, na utani haujui umri. Mjaribu wa kwingine angeandika "jaribio, jaribio", yakaisha. Minza aliandika: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Adinani, aliyepaliwa na ugali ukweni. Mazishi leo alasiri." Akabonyeza. Neno la kijani likatokea: Umetangazwa. Akabonyeza tena, na tena, akicheka peke yake. Hakuna mwanachama aliyekuwa ameingizwa bado, kwa hiyo alijua habari imeishia hewani. Masikini, kijani kile kilimaanisha tu kwamba mzigo umefika kwenye foleni. Mpagazi hakuwa amewashwa.

Jumamosi asubuhi mwenzake Prosperi, mwandishi wa programu, aliingiza namba za wanachama wote, akamwasha mpagazi, akaenda kunywa chai. Mpagazi akaikuta mizigo yake inamsubiri. Hana akili ya kuuliza, ana miguu tu. Akabeba.

Mzee Adinani alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, simu ilipomletea taarifa. Akasema "Innalillahi" kwa mazoea, ndipo akaliona jina. Kabla hajameza mate, akafa mara ya pili. Ya tatu ilimkuta mlangoni, shuka la kinyozi bado shingoni.

Toka kwa kinyozi hadi kwake ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na huko turubai lilikuwa limeshasimama. Mtu akisoma neno kifo hasomi sababu. Akina mama walikuwa wamefika na unga na kuni, na vijana wa chama walikuwa makaburini, shimo likiwafika kiunoni. Marehemu alipokata kona, waombolezaji wa mbele walirudi nyuma, wa nyuma wakakimbia.

Minza alifika akihema, akapiga magoti.

"Mtani, shikamoo. Ni mimi niliyekuua."

"Marahaba. Kuniua sawa, lakini kwa ugali? Ulishindwa hata pilau?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akina mama wakamfunga Minza khanga, wakamketisha mkekani amlilie marehemu wake, kama desturi ya watani inavyotaka. Alianza kwa mzaha, lakini alipokumbuka jembe la Nzega machozi yakaja ya kweli. Unga haukurudishwa. Walipika, wakala, na shimo likafukiwa na mgomba ndani yake, maana kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu.

Jua lilipopinda, mzee alimwita pembeni. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Wamekuja wengi, mtani. Hata jirani yangu Yasmini, tusiyesalimiana naye, kalia mpaka sauti imemkauka. Kama ujumbe umemfikia kila mwanachama, nitakukemea kwa ule utani wako, lakini mfumo naupokea leo hii."

"Umefika, mtani."

Mzee akaangalia barabarani, akashusha sauti. "Mdogo wangu aliyehamia kijijini Ziba naye ni mwanachama. Hajaja. Hata kupiga simu hajapiga. Hebu nitazamie, ulimfikia?"

Minza akafungua simu yake. Ulimfikia, tena mara zote tatu, tena kabla ya watu wa Kanyenye. Akainua macho akamwona yule mzee na kichwa chake cha nusu, anasubiri jibu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na moyo ukamuuma hasa.

"Haukumfikia, mtani," alisema. "Mfumo una kasoro."

Mzee Adinani alishusha pumzi ndefu. "Nilijua tu! Yule asingekosa." Kisha akakumbuka uenyekiti wake, akakunja uso. "Basi siupokei. Nendeni mkautengeneze mpaka umfikie mdogo wangu."