Rambirambi ya Kapteni

Niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema, maana waliomaliza vyuo hapa Ifakara wengi wao wamepanga kwenye nyumba zangu. Mashine ya kukoboa mpunga ni yangu. Duka la vifaa vya ujenzi ni langu. Lakini mtaji wa yote hayo ulitoka kwenye banda la video, na banda lile lilijaa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa natafsiri muvi kwa maiki, papo kwa papo, na Kiingereza sikijui hata leo. Nilikuwa nasoma nyuso. Mtu akikunja sura anatukana, akiilainisha anatongoza. Hakuna mteja aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio.

Muvi za ngumi hazikunipa tabu. Steringi hafi, hilo hata mtoto analijua, na wengine wanakufa kundi zima, huwezi kuwalilia. Tabu ilikuja na tamthilia moja ya angani. Chombo kinakwenda kati ya nyota, ndani kuna kapteni ambaye ndiye steringi, kuna mdada mwenye ngozi ya kijani kama chura, na kuna fundi. Nilikuwa naionyesha Jumapili watu wakitoka misa, kipindi kimoja kimoja, na shida ilianzia hapo. Mtu unayemwona kila Jumapili si wa muvi tena, ni jirani. Fundi yule maneno hana. Anaingia na spana, anakaza kinachovuja, anatoka. Wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wakikaa benchi la nyuma wakimwona tu wanapiga kelele: "Huyu chakula anakula saa ngapi? Mpeni hata maziwa!"

Basi siku moja chombo kikatoboka. Kapteni akafunga mlango wa chuma, na fundi yuko upande wa pili. Tulimwona kwenye kidirisha, mdomo unacheza, sauti haitoki. Chombo kikapona. Watu walitoka bandani bila kuagana.

Jumapili iliyofuata kipindi kinaanza, kapteni huyo anacheka, anakunywa kitu cha bluu. Sauti ikatoka mlangoni: "Baba, yule fundi wamemzika wapi?"

Alikuwa mama muuza vitumbua, mtu wa Mahenge. Beseni lake alikuwa analiweka mlangoni kwangu na kuangalia bure, nilimruhusu mwenyewe. Mle ndani kila mtu alijua kwa nini anauliza. Mwanawe alikuwa fundi ujenzi. Alikwenda njia ya Mlimba kumjengea tajiri mmoja ghala, jukwaa likakatika. Dereva wa lori akaleta jeneza, akalishusha, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Tajiri hakuja kuzika, hakuja matangani, hakutuma mtu. Ghala likaisha, likapakwa rangi. Nimelipita kwa macho yangu, zuri kweli. Na mama hakuwa anataka hela. Alikuwa anasema, "Aje tu akae kwenye mkeka, anione."

Sasa ningemjibu nini? Uso wa kapteni ulikuwa hauna kitu. Nikautia kitu mimi. Nikashika maiki, nikasema kwa sauti yake nzito: "Jamani, mnaniona nacheka, nacheka kwa nje. Mimi nitakwenda kwa mama wa yule kijana. Rambirambi nitampa kwa mkono wangu."

Banda likalipuka kwa makofi. Kuanzia siku ile kapteni akawa wangu. Chombo kikikata kona, nasema anatafuta kijiji cha yule mama. Akipigana na majitu ya chuma, nasema wanamzuia kwenda msibani. Watu wakawa wanakuja mpaka kutoka Mkula. Na mama, akinifungia vitumbua, lazima aulize: "Baba, amefika?"

"Bado, mama. Njia ya angani mbovu kuliko ya Masagati wakati wa masika."

"Haya. Mwambie asichoke."

Na alikuwa anacheka. Hilo wanaonisema wanalisahau, kwamba yule mama alianza tena kucheka.

Mwishowe kikaja kipindi ambacho chombo kinatua jangwani. Kapteni anashuka, anamwendea bibi mmoja aliyekaa mbele ya kibanda, amejifunga kitambaa kichwani. Si ndiye huyu mama wa fundi! Nikapunguza sauti ya spika, nikaanza: "Mama, shikamoo. Pole sana. Mimi ndiye niliyefunga mlango." Nje, mama wa vitumbua aliacha beseni na wateja wake, akaingia, akasimama mbele kabisa. Hakuna aliyemwambia anaziba.

Binti yangu alikuwa likizo kutoka shule ya bweni, shule ya gharama, niliyoilipia kwa mdomo huu huu. Akasimama.

"Baba, hajasema hivyo."

"Kaa chini."

"Anauliza bei ya mafuta, baba. Huyo bibi anauza mafuta ya chombo."

Benchi la nyuma likaanguka kwa kicheko. "Tajiri, kumbe siku zote unatunywesha chai!" "Bibi, jaza fulu tanki!" Mpaka waliokuwa wanalia sasa hivi wakacheka.

Mama hakucheka. Alibaki anaangalia. Kapteni akachukua mafuta yake, akapanda chombo, hakugeuka nyuma.

"Kumbe na huyu hakuja," akasema. Akatoka, akajitwisha beseni.

Nyumbani nilimuuliza binti, maana tamthilia yote alishaimaliza kwenye kompyuta. "Huko mbele anatajwa tena?"

"Nani?"

"Fundi."

"Hapana."

"Hata jina?"

"Baba, yule ni mhusika mdogo. Hadithi si yake."

Mhusika mdogo. Ndicho nilicholipia hicho. Walioitunga tamthilia ile wana akili ya kupeleka watu nyota za mbali, wana moto, wana taa, wana mdada wa kijani, lakini kumpeleka mtu mmoja kwa mama wa marehemu akakae kwenye mkeka, wameshindwa. Mimi wa darasa la nne niliweza. Binti sasa ana kazi nzuri Morogoro, na mpaka leo anasema alinisaidia, watu wasije wakanicheka. Si walicheka? Kiingereza alikisikia sawasawa, sibishi. Swali la mama hakulisikia.

Banda nililifunga, simu zilishaimaliza biashara ile. Mama alikuwa amehamia upande wa stendi zamani, kabla sijafunga. Nikipita nasimama, namwamkia shikamoo. Anaitikia marahaba, ananifungia vitumbua vya moto, ananiuliza habari za nyumbani, habari za mpunga. Haniulizi tena kama amefika.