Mgongo kwa Mgongo na Dada Yangu

Uani kwa mama tuliyemwita Nesi, aliyemleta mgonjwa alifanya yote anayofanya mgonjwa. Mgonjwa akinyoosha mikono, naye ananyoosha. Mgonjwa akikaa kimya, naye anakaa kimya. Halafu, jua likianza kupanda, Nesi aliwakalisha wawili hao kwenye mkeka mgongo kwa mgongo, wasitazamane, wavute pumzi pamoja. Maneno yakija, yaje. Yasipokuja, pumzi zinatosha. Na lililosemwa pale halikutolewa nje mpaka mwenyewe aliyelisema apende.

Mimi nilimpeleka dada yangu. Watu walisema nimechaguliwa vizuri, kwa kuwa mimi ni mtu wa aibu, sina maneno mengi, sitamchosha mgonjwa. Hawakujua kwamba ugonjwa wa dada ulitoka kwangu.

Tuliishi katika kijiji cha ujamaa upande wa Masaki, huku Kisarawe, kwenye mihogo na mikorosho. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikahamia kwa dada na shemeji niwasaidie kazi. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Siku za shamba la kijiji kila mtu mzima alitakiwa kwenda. Aliyekosa, balozi wetu wa nyumba kumi alimtaja mkutanoni, na ukishatajwa, wiki nzima kisimani hakuna wimbo mwingine. Wenye watoto wadogo waliruhusiwa kumwacha mtu mmoja nyumbani. Kwetu niliachwa mimi.

Asubuhi ile dada alimshika mtoto paji la uso. "Ana joto kidogo," alisema. Akasita mlangoni, jembe begani. "Akichemka, njoo uniite. Usingoje. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Saa nne mtoto alikuwa anachemka. Nilimfunga mgongoni kwa mbeleko nikaenda. Sikuchelewa kutoka nyumbani, hilo naweza kuliapia. Lakini nilipofika shambani nilikuta kazi imesimamishwa. Kulikuwa na mgeni kutoka wilayani, amesimama juu ya kichuguu anahutubia. Wanaume walikaa upande huu, wanawake upande ule, na dada alikuwa safu ya mbele, katikati kabisa. Ili nimfikie ilinibidi nipite kwenye ule uwazi, mbele ya mgeni, mbele ya mwenyekiti, mbele ya vijana niliosoma nao. Nilisimama nyuma ya mkorosho. Nikasema moyoni, akimaliza tu, nakwenda. Watu wakapiga makofi, nikasogeza mguu, kumbe hajamaliza. Mtoto alikuwa amelala, joto lake linapita kwenye kanga mpaka kwenye ngozi yangu. Kijana mmoja akageuza kichwa kunitazama.

Nikageuka nikarudi nyumbani. Maneno hayo matatu yamenichukua siku mbili kuyaandika.

Nilimpangusa maji. Nilimpa uji, hakunywa. Adhuhuri ikapita. Dada aliporudi alimkuta ameshikwa na degedege, macho yamegeuka. Tulikimbia naye mpaka zahanati. Mganga wa pale alimtazama mtoto, akamtazama dada, akasema, "Mama, huyu alikuwa wa kuletwa asubuhi." Mtoto hakuliona jua la siku ya pili.

Dada aliniuliza mara moja tu, baada ya mazishi: "Homa ilipanda saa ngapi?"

"Ghafla," nikasema. "Baada ya adhuhuri. Nilikuwa nataka kutoka nije kukuita, ukaingia."

Mimi ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani hunishinda, uongo huo niliutoa bila kigugumizi.

Arobaini ilipopita dada aliacha kusema. Alipika, alilima, alichota maji, lakini ukimsalimia alitikisa kichwa tu. Mtoto akilia nyumba ya jirani, yeye aliinuka akaenda kukaa nyuma ya choo mpaka kilio kiishe. Mama mkwe wake alisema ni pepo, apigiwe ngoma apungwe. Shemeji alikuwa akienda Kibaha kwa kazi za ujenzi, na huko alisikia habari za mama mmoja wa Pangani, ile ya hapo hapo Kibaha. Zamani alikuwa muuguzi katika wodi za wagonjwa wa akili, na baada ya kustaafu alikuwa akiwapokea uani kwake watu waliolemewa. Hapigi ngoma, hachanji, hatoi hirizi.

"Sasa anafanya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Anawanyoosha viungo, na kuwasikiliza."

"Kuwasikiliza!" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Pepo wa kusikilizwa! Haya, nendeni. Mkirudi mniambie huyo pepo ametaka kitambaa cha rangi gani."

Tulipanda lori la mkaa hadi mjini, kisha basi la barabara ya Morogoro, kisha tukatembea. Nesi alikuwa Mnyamwezi, na sisi Wazaramo, kwa hiyo ni watani. Alitupokea mlangoni. Shikamoo yangu ilitoka nusu.

"Marahaba, marahaba. Mgonjwa ndiye huyu? Loo, watani zangu! Mbona mmeniletea mpini wa jembe? Mihogo imekwisha kwenu, sasa mnakula maganda?"

Nilitazama chini. Nilidhani dada atalia. Yeye alimtazama yule mama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti iliyokauka, "Maganda tuliwaachia nyinyi wapagazi."

Nesi alipiga makofi. "Ingia, ingia! Huyu yuko hai huyu!"

Ilikuwa miezi minne sijaisikia sauti ya dada. Nilifurahi, na hapo hapo nikaogopa. Mtu aliyeanza kusema anaweza kuuliza.

Tulikaa kwake wiki tatu. Alfajiri tulinyoosha viungo. Mazoezi hayo alifundishwa na mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka, ambaye Nesi aliwahi kumuuguza. Yule mama aliyaita yoga, Nesi aliyaita kunyoosha. Tulisimama kwa mguu mmoja tukayumba kama vifaranga. Tulilala chali, mkono juu ya tumbo, tukalisikiliza likipanda na kushuka. "Mnalima mmeinama," Nesi alituambia, "mnafagia mmeinama, mnalia mmeinama. Hebu nyookeni siku moja, muone huku juu kuna nini." Mimi nilidhani nitakufa kwa aibu, lakini hakuna aliyetutazama. Kisha tulikaa mgongo kwa mgongo. Kisha tukaenda kupalilia viazi vyake, maana hakukubali mtu ashinde amelala.

Siku ya tisa nilihisi mgongo wa dada umekakamaa.

"Nilimshika kichwa asubuhi ile," alisema. "Nilijua ana joto. Nikauogopa mdomo wa balozi. Mwanangu nilimwacha kwa ajili ya mdomo wa balozi. Mimi ndiye niliyemuua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Nilivuta pumzi ili niseme. Pumzi ikatoka peke yake, bila neno. Dada alilia, mgongo wake ukatikisika, nami nikatikisika naye kama nyumba moja. Nesi alikuwa mbali kidogo, anachambua mchele kwenye ungo, hakuinuka.

Baadaye aliniwekea mkono begani. "Wewe una kipaji," akasema. "Wengi mtu akilia hawawezi kutulia. Mara nyamaza, mara ni kazi ya Mungu. Wewe umemwacha aseme."

Kwa siku mbili sikuweza kula chakula cha yule mama bila kuona naiba.

Tuliporudi nyumbani dada alikuwa anasema na watu. Hakuwa kama zamani, lakini alisema, na siku moja alicheka. Mama mkwe alipouliza habari za kitambaa, dada alimjibu, "Ametaka kaniki, na amesema ulete wewe." Kila baada ya miezi michache tulikwenda tena Pangani. Nami kila nilipomwona dada anapata nafuu nilijiambia, yamekwisha, ya nini kuchokonoa kidonda kinachokauka? Nilikuwa naiita huruma.

Mwaka uliofuata akashika mimba. Ilipoonekana vizuri, siku moja tunamenya mihogo, alimwambia shemeji mbele ya mama yake, "Nikijifungua, nitamnyonyesha. Akiacha ziwa, mtamchukua alelewe kwa bibi yake. Mimi si mtu wa kuachiwa mtoto."

Alisema bila machozi, kama anayepanga zamu ya kuchota maji. Shemeji alitazama chini. Mama mkwe alisema, "Hilo ni jema," na kesho yake tu akaanza kuulizia mbeleko.

Mimi niliendelea kumenya. Nilijikata kidole, wakanicheka.

Safari iliyofuata ya Pangani, nilimfuata Nesi nyuma ya jiko. Tulikuwa tunasugua masufuria kwa majivu, sabuni ilikuwa imeadimika. Nikamwambia yote. Ilinichukua masufuria matatu. Safari hii hakunisifu.

"Unataka kumwambia?" aliuliza.

"Nataka."

"Kwa nini?"

"Nimechoka kulibeba."

"Basi usimwambie." Alisugua. "Utautua mzigo wako juu ya kichwa cha mwenye mimba, wewe ukalale. Hiyo siyo dawa."

"Lakini anamtoa mtoto, Nesi. Anajiona hafai. Anamtoa kwa ajili ya uongo wangu."

Aliacha kusugua. Akanitazama mpaka nikageuza macho.

"Hiyo ni sababu nyingine," alisema. "Hiyo ni ya kwake, siyo yako."

"Atanichukia."

"Huenda. Mimi dawa ya hilo sina. Mimina maji."

Asubuhi ilipofika tulikaa kwenye mkeka. Nilihesabu pumzi kumi, nikahesabu kumi nyingine. Nikaona kuwa kama nikihesabu tena sitasema kamwe.

"Dada, homa haikupanda adhuhuri. Ilipanda saa nne. Nilimbeba nikaja shambani."

Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Ukasimama.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma ya mkorosho. Ule uliokatwa tawi."

"Naujua. Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa amelala."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Ulikuwa unajipepea kwa ncha ya kanga."

"Hukuweza hata kunipungia mkono?"

"Niliona aibu. Watu walikuwa wengi."

Niliendelea kusema mimi, ambaye sisemi. Nikamwambia kwamba yeye aliniachia agizo sawasawa, kwamba mama aliyeacha agizo hakumwacha mtoto, kwamba maneno ya mganga wa zahanati yalikuwa yangu mimi nikanyamaza akayachukua yeye. Nilikuwa katikati ya maneno alipoinuka. Nikaanguka chali. Kumbe muda wote nilikuwa nimemwegemea.

Alikwenda kwenye viazi akalima mpaka jua la utosi. Nilitaka kumfuata, Nesi akanizuia kwa mkono. "Mwache. Leo usimtafute ili akusamehe."

Hakunipiga, hakunitukana. Ndani ya basi alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Tulipofika nyumbani alikunywa maji, akamwambia mama mkwe wake, "Mtoto huyu nitamlea mwenyewe."

"Si ulisema mwenyewe kwa kinywa chako..."

"Nilisema. Nilikosea."

"Na mbeleko nimeshapata!"

"Ilete, mama. Nitaitumia."

Hakueleza zaidi, siku ile wala siku nyingine. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mtu. Ningefurahi kama angenitangaza hata kwenye mkutano wa balozi. Shemeji bado ananiita "msaidizi wetu," na wageni wakija anawaambia jinsi nilivyomuuguza dada yangu kwa subira. Mimi nainuka naenda kuangalia moto.

Dada alijifungua mtoto wa kike. Analala vizuri sasa, anaimba akitwanga. Safari za Pangani zimepungua, na akienda anakwenda na shemeji. Nami ananisemesha. "Chumvi imekwisha." "Umewafungia kuku?" Wakati mwingine tunacheka jambo moja, tukatazamana, yeye akawa wa kwanza kuacha. Lakini mtoto huninyima mimi. Humpa jirani, humpa mama mkwe, balozi mwenyewe amewahi kumpakata akakojolewa kanzu. Mimi nikiwa peke yangu uani na yeye anakwenda kisimani, humfunga mgongoni, akachukua na ndoo. Sijawahi kumwomba.

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kigogo napepeta mpunga. Dada alikuwa jikoni, mtoto kwenye jamvi mlangoni. Mtoto akatambaa. Alivuka uwanja wote, akaokota jiwe, akalitupa, akaja mpaka kwangu. Akashika goti langu kwa mikono miwili akajiinua. Alisimama hivyo anayumba, ananitazama na meno yake mawili.

Niliuweka ungo chini, ukakaa upande. Mikono yangu nikaibana mapajani. Nilipoinua macho dada alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, ametuona. Sijui ni kwa muda gani. Nilingoja akimbie kuja kumchukua. Hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wake wa kawaida, akainama, akambeba, akamfuta vumbi magotini.

"Mpunga unamwagika," akaniambia, akarudi jikoni.