Rafu za Mvule wa Bumula

Fundi Nyongesa alikuwa ametengeneza vitu vingi ambavyo hakuwahi kuvitumia. Kulikuwa na milango ya ofisi mjini Bungoma ambayo tangu aifunge bawaba hakuwahi kuigusa tena. Viti vya mbele kanisani, vile vya wageni wa heshima, ni kazi ya mikono yake, na yeye Jumapili hukaa nyuma karibu na dirisha. Hata meza ndefu ya hoteli moja aliiingiza kwa mlango wa jikoni, akaikaza miguu, akatokea jikoni kulekule. Hakuona ubaya wowote. Fundi huleta kitu, hukipachika, huenda zake.

Aliyeona ubaya ni mkewe, Rosaline.

"Baba Nafula," alimwambia Jumamosi moja asubuhi, "ile duka ya vitabu ya Kitale imefunguliwa tangu Januari. Wewe umeshinda huko mpaka ukajua mbwa wa jirani kwa jina. Mimi sijaiona hata siku moja. Si tuende?"

"Tuende kufanya nini? Kazi si iliisha?"

"Tuende kunywa kahawa, bana! Kama watu."

Nyongesa alitaka kumwambia kwamba kuna kitanda cha bibi harusi wa Webuye ambacho hakijapigwa msasa. Alipoinua macho akaona Rosaline ameshavaa gauni la samawati, lile aliloshonewa kwa arusi ya binti yao Nafula. Hakuwa akiomba ruhusa. Fundi akaenda kutafuta koti lake.

Nyongesa ni mtu wa Malakisi. Alizaliwa katika nyumba iliyokula na kuvaa kwa tumbaku, na utoto wake aliumaliza akichochea moto katika kibanda cha kukaushia majani, macho mekundu, shati likinuka moshi hata baada ya kufuliwa. Siku moja alikuja fundi kutoka Bungoma kurekebisha paa la kibanda hicho. Nyongesa akamtazama akisukuma randa, na maranda yakimwagika yamejikunja, yananukia vizuri. Hakujua kwamba kazi inaweza kunukia vizuri. Alipomaliza darasa la saba alimfuata fundi yule mjini akamwomba amfunze. Alifagia, akanoa, akashikilia mbao za wengine, mpaka naye akapewa msumeno. Leo ana banda lake nyuma ya soko, na vitanda, masanduku na makabati ya banda hilo ndiyo yaliyosomesha watoto wake.

Rosaline yeye ni wa Bumula. Kwao kulikuwa na mvule mkubwa ambao baba yake, mzee Wabwile, aliukuta umesimama na akaulinda maisha yake yote. Hakutaka hata msumari upigiliwe kwenye gome lake. Mwaka uliofuata mazishi yake, upepo ukauangusha. Ndugu za Rosaline wakaita watu wa makaa.

"Mti wa baba hauchomwi," Rosaline aliwaambia, akasimama mbele ya gogo mpaka wale watu wakaondoka na mashoka yao.

Basi mvule ukapasuliwa mbao, mbao zikaletwa Bungoma, zikapangwa bandani zikauke. Miaka ikapita. Walikuja watu wenye haja ya kabati, akaja mwenye baa akitaka kaunta ya kung'aa, na wote Nyongesa aliwapa jibu moja: mbao hizo bado hazijapata kazi yake.

Ndipo akaja Wakiuru. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mtoto wa wakulima wa mahindi nje ya Kitale. Alikuwa amekodi ghala la zamani la mbegu mjini, na alitaka kuligeuza pahali pa kuuzia vitabu na kahawa chini ya paa moja. Mafundi wengine walikuwa wamemshauri aweke mbao za kubandikwa, za bei rahisi. Alipoingia bandani akauona ule mrundo wa mbao za mvule, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Fundi, hizi ni za nani?"

"Utaweka nini juu yake?" Nyongesa naye akauliza.

"Vitabu."

Nyongesa akamwita Rosaline aliyekuwa nje akichambua mboga. Rosaline akamtazama mgeni kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Vitabu vya watu wote, ama vya wakubwa wenye magari?"

"Vya wote, mama. Hata asiyenunua atakaa asome. Sitamfukuza."

"Basi mbao za baba ziende," Rosaline akasema, akarudi kwa mboga zake.

Kazi ile ilimtoa Nyongesa jasho. Ukuta wa ghala ulikuwa umepinda kama mgongo wa ng'ombe mzee, na kila rafu ilibidi ikatwe kwa kipimo chake, igusishwe ukutani, irudi chini, irandwe tena. Hakutumia msumari hata mmoja unaoonekana. Aliunga ulimi kwa tundu, ubao mmoja ukiingia ndani ya mwenzake, kama alivyofundishwa. Wapita njia walichungulia mlangoni na kucheka: mji huu wa mahindi, nani atakaa akunywe kahawa akisoma kitabu? Nyongesa aliendelea kuranda. Alimaliza, akafagia maranda, akarudi Bungoma.

Sasa, Jumamosi hii, alikuwa amesimama nje ya mlango uleule, amevaa koti, na miguu inataka kuzunguka nyuma.

"Huku," Rosaline akamwambia, akamshika mkono, wakaingia kwa mbele.

Harufu ya kahawa iliyokaangwa iliwapokea. Dirishani wanafunzi wawili walikuwa wamejiinamia juu ya kitabu kimoja. Mwalimu mstaafu alikuwa na miwani puani na kikombe mkononi, amesahau kunywa. Mama mmoja alikaa kwenye mkeka na mwanawe mdogo, anamsomea kwa sauti ya chini. Na nyuma yao wote, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, zilisimama rafu. Nyongesa alikuwa ameziacha tupu. Sasa zilikuwa zimejaa vitabu vya kila rangi, na mvule ulikuwa umeiva, umekuwa wa rangi ya asali.

Rosaline aliuacha mkono wa mumewe. Alikwenda akasimama mbele ya rafu ya kati, na Nyongesa akamwona akiupitisha mkono polepole kwenye ukingo, jinsi mtu anavyogusa bega la mzazi.

Walikaa. Mhudumu, msichana mwenye tabasamu aitwaye Jepkoech, akawaletea kahawa ya maziwa yenye jani lililochorwa juu ya povu.

"Sasa hii jani naikunywa aje?" Rosaline akauliza.

"Ikoroge tu, mama, ama uikunywe hivyo," Jepkoech akacheka. Rosaline akaunywa mchoro taratibu, upande mmoja kwanza, ili usiharibike haraka.

Nyongesa hakuweza kutulia. Fundi ni fundi. Aliinuka, akapiga goti moja kwenye pembe ambayo ukuta ulimsumbua zaidi, akaweka bega chini ya rafu akaisukuma juu kuona kama kiungo kimelegea.

"Mzee, tafadhali!" Jepkoech akaja mbio. "Usisukume hapo, zitaangukia watu!"

"Haziwezi," Nyongesa akajibu kwa upole, bado amepiga goti. "Nilizifunga mimi."

Jepkoech akamtazama, akazitazama rafu. Halafu akageuka, akaita kwa sauti iliyowafanya wote wainue vichwa: "Wakiuru! Wakiuru, kuja! Mwenye rafu amekuja!"

Wakiuru akatoka nyuma ya kaunta mbio, aproni imejaa unga wa kahawa, akamkumbatia fundi kabla hajasimama vizuri. "Watu wanauliza kila siku nani alizitengeneza," akasema. "Wa Eldoret wameuliza, wa Kapenguria wameuliza. Mimi nasema ni fundi wa Bungoma, lakini naona haitoshi. Fundi, niandikie jina lako hapo kwa mbao, kila mtu asome."

Mwalimu mstaafu akavua miwani na kupiga makofi, na wanafunzi wakamfuata. Nyongesa alihisi shingo ikipata joto. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwa ameweka jina kwa kitu chochote. Alimtazama mkewe. Rosaline alikuwa amenyoosha mgongo kitini kama mtu anayepigwa picha, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Nitaandika," akasema Nyongesa. "Lakini si langu peke yake."

Jumamosi iliyofuata walirudi. Nyongesa alikuja na patasi ndogo kabisa, imefungwa kwa kitambaa, na safari hii alipofika hakuutafuta mlango wa nyuma. Alichonga asubuhi yote kwenye ubao wa usawa wa macho, wateja wakisimama na vikombe vyao kumtazama, na alipopuliza vumbi la mwisho akasogea kando. Rosaline akakaribia, akaweka kidole chini ya maneno, akayasoma kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Mvule wa Wabwile, Bumula. Mkono wa Nyongesa, Bungoma."

Akayasoma tena, kwa sababu yule mama aliyekaa kwenye mkeka wiki iliyopita alikuwa ameingia wakati huo na hakuwa amesikia.