Beberu wa Kolo na Magari Mawili ya Viti Viwili

Bi Zainabu wa Kolo alikuwa amesharudisha barua mbili za posa kabla ya yetu. Ya kwanza, walisema, aliirudisha kwa sababu washenga walipiga honi mlangoni. Ya pili, kwa sababu waliacha ugali sahanini. Yeye ni shangazi wa Mwanaidi, na katika ukoo ule baba mzazi husikiliza, shangazi huamua. Basi jirani yangu Hamisi aliponifuata gereji hapa Nzuguni kuniomba niwe mshenga, nilijua ananikabidhi roho yake mkononi. Kijana amempenda Mwanaidi tangu walipokuwa chuoni Hombolo, na kwa mwaka huu mmoja wa kusubiri amekonda hadi mkanda wa suruali unamzunguka mara mbili.

"Fundi Yona," aliniambia, "ba' mdogo ataongoza msafara. Wewe mdomo unao, utapamba."

Kupamba naweza. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na grisi kwenye kucha zote kumi, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa akizisoma insha zangu mara mbili: mara ya kwanza kusahihisha, mara ya pili kucheka.

Ugomvi ulikuja kwenye usafiri. Ba' mdogo wake Hamisi, Mzee Saidi, mpima ardhi mstaafu, ana gari la michezo la Kiingereza, la kijani, la viti viwili, alilonunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao kabla mimi sijazaliwa. Boneti yake ni ndefu kiasi kwamba taa za mbele hufika mjini dakika tano kabla ya dereva. Mimi ndiye ninayelihudumia, na tunaliita Bibi. Hamisi naye ana lake jipya, jekundu, la viti viwili vilevile, paa lake linajikunja lenyewe ukibonyeza kitufe. Hilo tunaliita Mjukuu. Kila mmoja aliapa kuwa gari lake ndilo litakalompendeza Bi Zainabu. Walibishana wiki mbili, na mwisho wakakubaliana yaende yote mawili.

Sasa, kwa desturi mposaji hakanyagi ukweni siku ya barua. Lakini Hamisi hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote usukani wa Mjukuu. Akaamua kwenda kama dereva wa kukodi. Akavaa kofia, akaona amejificha.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Nzuguni. Nilianza ndani ya Mjukuu, na hata kabla sijakaa nilisomewa sheria.

"Kung'uta viatu, Fundi. Na karanga hizo mpelekee ba' mdogo."

Viti vya Mjukuu ni ngozi ya rangi ya maziwa, na Hamisi alikuwa hajaondoa nailoni iliyokuja navyo. Miezi minane! Ukikaa inalia kwacha kwacha kama unakalia mfuko wa mikate, na jua likipanda unang'ang'ania hapo kama chapati kwenye kikaango kisicho na mafuta. Nilimuuliza ataitoa lini.

"Siku ya harusi," alijibu. "Mwanaidi awe wa kwanza kukalia ngozi yenyewe."

Mapenzi yana madaraja yake.

Tulipovuka Makutupora, mizabibu imejipanga kulia na kushoto kama wanafunzi wa paredi, nilikiri kwamba Mjukuu ni gari. Barabara ilikuwa kama imepigwa pasi. Injini huisikii, unasikia upepo tu, na upepo wenyewe unapita juu ya kichwa kwa heshima. Gari lina akili kuliko nusu ya darasa letu la jioni. Nilipofungua mkanda ili nitoe leso mfukoni, likaanza kulia ti-ti-ti-ti kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, na halikunyamaza mpaka nilipojifunga.

"Linajuaje?" nikauliza.

"Kiti kinapima uzito. Kikiona mtu, kinataka mkanda. Hakina mjadala."

Mayamaya tulisimama kunywa chai, na hapo nikaona jambo lililomuuma Hamisi. Watu wote walikwenda kwa Bibi. Dereva wa lori alishuka akamshika taa. Mama muuza chapati akamzunguka mara tatu, akasema, "Baba, hili gari limekula chumvi!" Mzee Saidi akamkaribisha aketi kidogo, naye akaketi na bakuli lake la unga mapajani, anacheka. Alipotoka akapita kwa Mjukuu, akagusa mlango kwa kidole kimoja. Hamisi akatoa kitambaa, akafuta alama ya kidole. Mama yule akamtazama, akarudi kwenye chapati zake.

Hapohapo nikasikia harufu ya petroli. Jiwe lilikuwa limetoboa tangi la Bibi, tundu dogo kama jicho la sisimizi. Dawa yake kila fundi anaijua: sabuni. Lakini sabuni pekee iliyokuwepo ni ya Hamisi, ya manukato, aliyobeba ili anawe uso kabla ya kuingia Kolo. Niliikanda, nikaziba. Kuanzia hapo Bibi alikwenda ananukia waridi.

Kutoka Mayamaya nilihamia kwa Bibi. Ndugu msomaji, Bibi hapandwi, anavaliwa. Usukani wake mwembamba unatetemeka mpaka meno yanahesabiana. Joto la injini linakuchoma ndani ya viatu. Ukibadilisha gia, mkono mzima unafanya kazi, na ngurumo yake nadhani ilisikika Singida. Lakini unajua kila kokoto unayoikanyaga, na kila kilima unakipanda pamoja naye, mwapeana pole. Mzee Saidi alikuwa anakula karanga zangu na kudondosha maganda sakafuni bila wasiwasi.

Nikaona doa kubwa pembeni mwa kiti changu. Nikauliza kama ni oili.

"Hilo ni la Hamisi," akasema. "Alikuwa na miaka miwili, homa imempanda. Nikamkimbiza hospitali, amelala hapo ulipo, akatapika maziwa yote. Nimeambiwa mara ngapi nibadilishe ngozi? Sibadilishi. Nikiliona hilo doa najua yule mtoto alipona."

Saa sita mchana tulipita Kondoa mjini, na tulipofika Kolo tukaacha lami. Hapo magari yote mawili yalinyooshwa. Njia ilikuwa na mgongo katikati, na Mjukuu, aliye mfupi kama mkeka, alikwaruza tumbo. Kila mkwaruzo Hamisi alifumba macho kana kwamba anachanjwa yeye. Bibi alipita juu, lakini kilimani akachemka, akatoa mvuke kama sufuria la pilau la watu mia nne, na tukammiminia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo. Hivyo tukafika kwa wakwe: mmoja anakuna tumbo, mmoja ana kiu, na sisi watatu mavumbi hadi kope.

Saa saba na nusu tulibisha hodi. Bi Zainabu alitupokea barazani, mwanamke mwembamba, kanga mbili, macho yasiyopepesa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nani kati yenu ananukia waridi?"

"Ni gari, mama."

Akatukaribisha ndani, na baba yake Mwanaidi akatusalimia kwa upole. Mzee Saidi alitoa barua kwenye kitambaa cheupe. Mimi nikapamba. Nilisema kijana wetu ni mtulivu, mwenye huruma, mwenye mkono wazi. Nikala ugali wangu hadi sahani ikang'aa. Bi Zainabu alikuwa anasikiliza huku anachungulia dirishani.

"Dereva wenu amepelekewa chakula, hakigusi," akasema. "Anafukuza kuku wasilisogelee gari. Amelifuta mara nne."

Mzee Saidi akakohoa.

"Ni mwaminifu sana huyo, mama," nikadakia.

"Naona. Na gari lile jekundu ni la nani?"

"La mposaji."

"Ahaa." Akaikunja barua, akaiweka chini ya mkeka, akasimama. "Twendeni nje. Kwetu barua ikikataliwa hurudi kama ilivyokuja. Ikikubaliwa, hubaki, na jibu letu huwa mnyama. Sasa nataka nione kama mna pa kumweka."

Nyuma ya nyumba alifunguliwa beberu mweusi, ndevu hadi magotini, harufu yake ilitangulia hatua kumi. Mzee Saidi akasema haraka, "Mleteni kwa Bibi, amezoea."

"Nimeona amezoea," alisema Bi Zainabu. "Ndiyo maana hatapanda huko. Atapanda kwenye hilo jekundu."

Nikasema labda kwenye buti.

"Mshenga, jibu letu si furushi. Litakaa kitini."

Hamisi alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi. Alimtazama beberu, akatazama kiti. Mlangoni, nyuma ya pazia, niliona vidole vya mtu vimelishika kwa nguvu, nami nikajua ni vya nani.

"Sawa, shangazi," Hamisi akasema. Akamsogeza beberu. Lakini mnyama alipoweka kwato juu ya ile nailoni, akateleza, akapiga kelele, akarudi chini.

"Toa hiyo mifuko," akasema Bi Zainabu. "Mtavunja mguu wa mnyama."

Nilihesabu hadi elfu moja, au pengine hadi tano. Barua ya tatu ilikuwa inaning'inia hewani. Halafu Hamisi akaivua kofia, akainama ndani ya gari, akashika nailoni kwenye ukingo na kuivuta kwa mikono miwili. Ilichanika kwa mlio mrefu. Akaitupa chini. Akambeba beberu kifuani kama mtoto, mavumbi na yote, akamketisha juu ya ngozi ya rangi ya maziwa.

Mjukuu akaanza: ti-ti-ti-ti-ti.

Wote tukaruka. Beberu akajibu, "Beee!"

"Linasemaje?" akauliza Bi Zainabu.

"Linataka afungwe mkanda," Hamisi akasema, uso umeiva.

Ndipo yule mama asiyepepesa macho alipoanza kucheka. Alicheka hadi kanga ya begani ikadondoka, akashika ukuta. Nyuma ya pazia kicheko kingine kikaitikia.

"Basi mfunge mwenzio, mkwe," akasema. "Na siku ukija na mwanangu, usije na kofia. Haijakusaidia kitu."

Saa tisa tuliondoka. Mimi na Mzee Saidi tulitangulia na Bibi, Hamisi nyuma yetu na abiria wake, paa wazi, ndevu zinapepea. Mayamaya trafiki alitusimamisha. Akachungulia Mjukuu, akamwona beberu ametazama mbele, mkanda kifuani, mtulivu kuliko abiria wengi niliowahi kusafiri nao. Akasaluti, akaturuhusu. Yule mama wa chapati alikuja mbio kutazama, na safari hii aliegemeza mikono yote miwili, yenye unga, juu ya mlango mwekundu. Hamisi hakutafuta kitambaa. Alinunua chapati nne, mbili akala yeye, mafuta yakamdondokea kitini, na mbili akampa beberu.

Saa mbili usiku tulikuwa Nzuguni. Majirani wameniuliza tangu siku ile: Fundi, umepanda yote mawili, gari zuri ni lipi? Nawajibu kama fundi: Mjukuu anakufikisha hujachoka, Bibi anakufikisha na hadithi. Nilidhani tofauti hiyo ni ya miaka. Sasa sina hakika. Bibi alipotoka kiwandani naye alikuwa chuma na ngozi tu, mpaka mtu alipokubali mtoto mgonjwa amtapikie.

Kwenye kiti cha Mjukuu kuna alama mbili za kwato ambazo sabuni yoyote haizitoi, na nimejaribu zote. Juzi Hamisi alinikuta nimeinama tena na brashi, akanishika mkono.

"Acha, Fundi," akasema. "Mwanaidi amesema atakaa hapohapo juu yake."