Fisi wa Nyumba ya Saba

Zuena Mhina hakungoja usiku wala mbalamwezi. Hali yake ilimjia alasiri, jua likishaanza kulegea: kucha zilimwasha, pua ilinusa mfupa uliofukiwa tangu juzi, miguu ikakataa kutulia. Hapo msichana wa miaka kumi na sita aliingia porini, akawa fisi mpaka magharibi, kisha akarudi nyumbani na kuni kichwani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa mama yake tu, Bi Hamisa.

Kule walikokuwa wakiishi zamani, ndani kabisa ya Handeni, jambo hili halikuwa na taabu, maana jirani wa karibu alikuwa mwendo wa saa nzima. Mwaka sabini na nne wakahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari. Ukipiga chafya nyumba ya saba, wa nyumba ya nane anakuambia pole. Nani aliulizwa kama ana jambo la kuficha? Zuena akakosa raha. Alilima shamba la kijiji huku akitazama jua limefika wapi, na akiitwa jina anashtuka. Mbuzi wawili wa Bi Mwaija walikwisha kupotea, watu wakaanza kuulizana. Siku akijulikana, yeye na mama yake wangefukuzwa, na nyumba yao ya zamani ilikwisha kubomolewa. Waende wapi?

Ndipo Mzee Sadala wa nyumba ya tisa akafariki. Na msiba wa Wazigua bila mtani wa kabila jingine wa kuwachekesha wafiwa haujakamilika. Mtani wa hapo kijijini alikuwa Dominiko, Mnyamwezi aliyezaliwa Kwamndolwa, Korogwe, ambako baba yake alikata mkonge. Mtu wa umri wa kuwa baba yake Zuena. Sheria ya utani ni moja tu: mtani akikutukana, unacheka au unamrudishia. Kukasirika ni marufuku, na hata mtoto anayetambaa analijua hilo.

Siku ya tatu ya matanga, alasiri, Dominiko alivaa kanzu ya marehemu, akachechemea kama marehemu, akadai uji wake uletwe. Akina mama waliokuwa wakilia wakashika mbavu. Zuena alikuwa amekaa ukutani, kucha zimeanza kumwasha, akitafuta namna ya kuondoka bila kuonekana hana adabu. Dominiko akamnyooshea mwiko.

"Huyu mnamwona? Machozi hana. Huyu ni fisi, anangoja tutawanyike akamfukue mzee. Wazigua nyie nawajua."

Watu wakaangua kicheko. Angecheka naye, yangeisha. Angemjibu kwamba Mnyamwezi hana nyama ya kumshibisha fisi, angeshangiliwa. Lakini mwenye kidonda hata nzi akipita hushtuka. Zuena alisimama.

"Nani kakwambia? Sijagusa maiti ya mtu hata siku moja. Ni mbuzi tu."

Kicheko kikakatika. Bi Hamisa alifumba macho. Bi Mwaija akaweka bakuli lake chini, polepole. Dominiko, maskini, akajaribu kuziba ufa: alicheka kwa nguvu, akacheka peke yake.

Magharibi, Zuena aliporudi kutoka porini, mama na binti walifunga vyombo vyao kwenye mkeka, wakakaa kungoja kufukuzwa. Hakuja mtu, wala balozi wa nyumba kumi. Kulipokucha Bi Hamisa akasema, "Nenda shambani, mwanangu. Usipoenda, utakuwa umekiri mara ya pili."

Zuena akaenda, jembe begani, roho juu. Njiani akamwona Dominiko anakuja. Tangu wahamie hapo, mtu huyu hakuwahi kumpita bila kumtupia neno: leo mvivu, kesho mchafu, keshokutwa ni mke wake aliyemtoroka. Zuena akaandaa jibu, safari hii jibu la kuchekesha kabisa.

Dominiko alivua kofia, akampisha njia.

"Habari za asubuhi, dada Zuena," alisema, macho chini.

Zuena akangoja tusi lifuate. Halikufuata.

"Nitukane basi, mtani," akamwomba.

Dominiko akarudia salamu ile ile.